Kabla ya Kupiga Mstari Chini ya Jibu

Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza ya muhula

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, wazazi na walezi mliosafiri usiku kucha kuwaleta vijana hawa, shikamooni. Nanyi wanangu wa mwaka wa kwanza, hamjambo.

Niliombwa nije kuzungumzia maadili ya masomo. Niliomba ruhusa ya kuzungumzia jambo dogo kuliko hilo, nikakubaliwa. Nataka kuzungumzia mstari. Ule mstari ambao kila mmoja wenu amefundishwa tangu shule ya msingi kuupiga chini ya jibu la mwisho. Wengine hupiga miwili, kwa rula, kwa kalamu ya rangi nyingine, ili mwalimu asipate shida kuliona jibu.

Nimesahihisha asaimenti kwa miaka 22. Nilianza na kemia. Kwa uhaba wa walimu nikasaidia hisabati, kisha takwimu, na miaka ya karibuni nimekuwa nikisaidia vijana wa fedha na wa kompyuta pia. Katika masomo yote hayo nimekutana na kitu kimoja: mistari mizuri, iliyonyooka, chini ya majibu ambayo hayawezi kuwapo duniani. Si majibu yaliyokosewa kidogo. Ni majibu ambayo mtoto wa darasa la saba, akisomewa kwa sauti, angesema hapana. Na aliyeyaandika ni kijana mwenye akili, aliyefaulu vizuri, aliyefuata kanuni hatua kwa hatua na hakukosea hata herufi moja ya kanuni.

Ukishapata jibu, kazi imebaki nusu. Nusu iliyobaki ni kulihoji, na nusu hiyo hatukuwafundisha vya kutosha. Nasema hatukuwafundisha, sisi walimu, maana mtihani mliofanya kufika hapa haukuiuliza.

Niwape mfano ninaoukumbuka kuliko yote.

Mwaka mmoja nilitoa swali la siki. Siki hii hii ya kachumbari. Mwanafunzi anachukua sentimita za ujazo 10 za siki, anaongeza maji hadi zifike 100. Katika mchanganyiko huo anapima 25 kwa pipeti, mrija wa kupimia, anaweka kwenye chupa, anatia matone mawili ya fenolfthalini, dawa inayobadili rangi asidi ikiisha. Kisha anafungua bureti (mrija wenye vipimo na koki) yenye sodiamu haidroksaidi ya moli 0.100 kwa lita (moli ni kipimo cha wingi wa kemikali), kidogo kidogo, huku akizungusha chupa, mpaka itokee rangi ya waridi hafifu isiyopotea. Bureti inasoma 20.8. Swali: lita moja ya siki ile ina gramu ngapi za asidi?

Binti mmoja, mwandiko wake utadhani umechapwa, aliandika gramu 49,920. Mistari miwili chini yake.

Nilimwita ofisini. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilikuwa na chupa ya siki ya lita moja, nikamkabidhi, nikamwambia, "Mwanangu, hebu ishike." Akaishika kwa mkono mmoja. Nikamuuliza, "Mfuko wa saruji una kilo ngapi?" Akasema, "Hamsini, mwalimu." Nikamrudishia karatasi yake. Akaiangalia karatasi, akaiangalia chupa, akarudi kwenye karatasi. Alikaa kimya kwa muda mrefu, mpaka nikasikia watu wakipita koridoni. Halafu akasema polepole, "Mwalimu, nimeuweka mfuko mzima wa saruji humu ndani."

Sijawahi kusikia mwanafunzi akisahihisha kazi yake vizuri kuliko vile.

Tuangalie alichofanya. Alizidisha 0.100 kwa 20.8 akapata 2.08, akaziita moli. Lakini bureti husoma sentimita za ujazo, na ukolezi umetolewa kwa lita, kwa hiyo alipaswa kugawanya kwa 1,000 kwanza. Moli za kweli ni 0.00208. Asidi ya siki na sodiamu haidroksaidi hukutana moja kwa moja, kwa hiyo moli za asidi ni hizo hizo. Ukizigawa kwa lita 0.025 unapata 0.0832. Zidisha kwa 10, kwa sababu siki ilikuwa imeongezwa maji, unapata 0.832. Moli moja ya asidi hiyo ina gramu 60. Zidisha: takribani gramu 50 kwa lita. Sasa geuza chupa usome lebo. Imeandikwa asilimia 5, yaani gramu 5 katika kila 100, yaani gramu 50 katika lita. Jibu limetoka kwenye daftari, limefika dukani, na limerudi likiwa zima.

Kosa lake lilikuwa moja tu, la mara elfu. Na wanangu, mara elfu si kitu kidogo. Miongoni mwenu wapo watakaokuwa wafamasia na mafundi sanifu wa maabara. Miligramu na mikrogramu zimepishana mara elfu hiyo hiyo. Siku hiyo hakutakuwa na mwalimu wa kukukabidhi chupa uishike. Utakuwa wewe, karatasi ya dawa, na mgonjwa aliyelala.

Kwa hiyo naomba kila asaimenti ya kemia mtakayoniletea iwe na neno moja juu ya ukurasa kabla ya hesabu yoyote: kisio. Nadhani siki hii ina gramu ngapi? Hujui? Sawa, lakini unajua haiwezi kuwa zaidi ya gramu elfu moja na kitu, maana lita nzima ya kitu kinachokaribiana na maji haina uzito zaidi ya hapo. Tayari una ukuta, na jibu likivuka ukuta huo utasikia kishindo.

Kwenye hisabati nitapita haraka, kwa sababu mfano wake ni mfupi na unajieleza wenyewe. Mwanafunzi anaulizwa eneo lililo chini ya mchoro wa moja gawanya kwa mraba wa x, kuanzia hasi 1 hadi chanya 1. Anaintigreti, yaani anatumia kanuni ya kutafuta eneo, anapata hasi moja gawanya kwa x. Anaweka 1, anapata hasi 1. Anaweka hasi 1, anapata 1. Anatoa: hasi 1 toa 1, jibu ni hasi 2. Mstari. Lakini mraba hauwi hasi, kwa hiyo mchoro wote uko juu ya mhimili, hakuna hata nukta moja iliyoshuka chini. Eneo lililo juu tupu limewezaje kuwa hasi? Angechora mchoro kwa mkono, hata vibaya, angeona kwamba pale kwenye sifuri unapanda juu bila kikomo, na kwamba kanuni aliyoitumia hairuhusiwi kuvuka mahali kama pale. Eneo lenyewe halina ukomo. Kanuni zote za hisabati zina masharti yake, na masharti hayo hayaandikwi kwenye kikaratasi cha kukariri.

Sasa nije kwenye fedha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili lilinipata mwenyewe.

Mama yangu aliugua, na nilihitaji shilingi milioni moja ndani ya siku mbili. Nilikwenda kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani. Akaniambia riba ni asilimia 3 tu kwa mwezi, kwa miezi 12. Nikapiga hesabu palepale kwenye benchi: asilimia 3 ya milioni ni 30,000, mara miezi 12 ni 360,000. Jumla 1,360,000. Marejesho ni shilingi 113,333 kila mwezi. Nikasema moyoni, hii ni asilimia 36 kwa mwaka, ni ghali lakini naielewa. Nikaweka saini. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa chuo, na rafu ya vitabu nyumbani kwangu ilikuwa na kitabu chenye sura nzima ya riba.

Ilinichukua miezi kadhaa kuuliza swali ambalo ningeuliza siku ile ile. Swali lenyewe ni hili: mwezi wa mwisho, nina shilingi ngapi za huyu bwana mkononi mwangu, na namlipa riba ya shilingi ngapi? Katika kila rejesho la 113,333, shilingi 30,000 ni riba na 83,333 ni deni lenyewe linalopungua. Kwa hiyo nikifika mwezi wa 12, deni lililobaki mkononi mwangu ni 83,333 tu. Na riba ninayolipa mwezi huo bado ni 30,000. Hiyo ni asilimia 36. Si kwa mwaka. Kwa mwezi mmoja.

Alikuwa akinitoza riba ya milioni nzima mpaka siku ya mwisho, wakati milioni nzima nilikaa nayo mwezi wa kwanza tu. Kama riba ile ya asilimia 3 ingepigwa kwenye salio linalopungua, rejesho langu lingekuwa shilingi 100,462 kwa mwezi na jumla 1,205,545. Nililipa zaidi kwa shilingi 154,455. Ukitafuta riba ya kweli inayolingana na marejesho yangu, unapata zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa mwezi, na riba hiyo ikijilimbikiza kwa mwaka mzima inapita asilimia 80. Mimi nilikuwa nimeweka saini kwa "asilimia 36."

Hakunidanganya. Kila namba aliyoitaja ilikuwa kweli, na hesabu yangu ya kwenye benchi ilikuwa sahihi. Jibu lilikuwa sahihi kwa swali ambalo halikuwa swali langu.

Mtaani mikopo ya namna hii watu wameipa jina, mnalijua: kausha damu. Mama ntilie anachukua laki mbili asubuhi, anarejesha kila jioni, na hesabu anayopewa ni ile niliyopewa mimi. Ninapowapa vijana wa fedha zoezi la kulinganisha riba ya namna hizi mbili, baadhi huniambia ni zoezi la kuchosha, jedwali la mistari 12. Nawaomba mlifanye jedwali lile kwa mkono, mstari kwa mstari, angalau mara moja katika maisha yenu. Ukifika mstari wa 12 ukaona 83,333 upande huu na 30,000 upande ule, hutasahau. Halafu likizo nendeni nalo nyumbani. Mkae na mama, na shangazi, na dada mwenye kibanda, muwachoree. Nyumbani kwenu kuna mtu ambaye hesabu hiyo inamhusu wiki hii.

Nije kwenye takwimu na kompyuta, na nitaziweka pamoja maana ndivyo zilivyonijia.

Kijana mmoja alikuja na kompyuta mpakato akiwa amechanganyikiwa. Alikuwa ameandika programu ya kutafuta varianzi. Wale ambao bado hamjafika huko: unachukua wastani, unapima kila namba iko mbali kiasi gani na wastani huo, unaupiga mraba kila umbali, unajumlisha, halafu unagawa kwa idadi iliyopungua moja. Kipimo cha namna namba zilivyotawanyika. Alijaribu na namba nne: 4, 7, 13 na 16. Wastani 10. Umbali ni 6, 3, 3 na 6. Miraba yake inajumlika kuwa 90, gawa kwa 3, jibu 30. Programu ikatoa 30. Vizuri.

Kisha akaongeza bilioni moja kwenye kila namba. Sasa ana bilioni moja na 4, bilioni moja na 7, bilioni moja na 13, bilioni moja na 16. Fikirini: namba zimehama pamoja, kama familia iliyohama nyumba na viti vyake vyote. Umbali kati yao haujabadilika. Varianzi lazima ibaki 30. Programu ikatoa hasi 170.67.

Hasi! Jumla ya miraba, hasi!

Kijana yule hakupiga mstari. Nilimpenda kwa hilo tangu siku ile. Alisema, "Mwalimu, ama mashine imeharibika ama mimi, lakini hili si jibu." Tukaketi. Kosa lilikuwa kwenye kanuni ya mkato ambayo vitabu vingi huifundisha: jumlisha miraba ya namba zenyewe, kisha utoe mraba wa jumla uliogawanywa kwa idadi. Kwa kalamu na karatasi kanuni hiyo ni sahihi kabisa, inathibitishika. Lakini mraba wa bilioni moja na 4 una tarakimu 19, na namba za desimali za kawaida kwenye kompyuta hubeba kwa uhakika tarakimu 15 au 16 hivi. Zile za mwisho hudondoka. Na 30 yetu ilikuwa imejificha humo humo kwenye zilizodondoka. Unatoa mlima kutoka kwenye mlima unaolingana nao, ukitafuta kokoto, na kokoto ulikwisha kuitupa.

Dawa yake ni kutoa wastani kwanza, ndipo upige mraba, kama tulivyofanya kwa 4, 7, 13 na 16. Na kama data zinaingia moja moja, huwezi kusubiri wastani, ipo njia ya kuurekebisha wastani na varianzi kila namba mpya inapofika. Iliandikwa na mtaalamu aitwaye Welford mwaka 1962. Mtaikuta mwaka wa pili.

Watu husema kompyuta haikosei. Kuna zoezi ambalo kila mwanafunzi wa kompyuta hupewa: tafuta jina kwenye orodha iliyopangwa. Unafungua katikati, ukiona jina lako liko mbele unaacha nusu ya nyuma, unafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, hivyo hivyo mpaka ulipate. Ili kupata katikati unajumlisha mwanzo na mwisho, unagawa kwa 2. Nani atakosea hapo? Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa watu waliojenga maktaba, yaani programu zilizo tayari kutumika, za lugha ya kompyuta iitwayo Java, alieleza hadharani kwamba programu aliyoiandika yeye mwenyewe kwa kazi hiyo ilikuwa na kosa, na kosa hilo lilikaa ndani ya Java kwa takribani miaka tisa. Kosa lilikuwa kwenye kujumlisha huko. Namba kamili ya kawaida katika Java inaishia 2,147,483,647. Orodha ikiwa kubwa sana, mwanzo ukijumlisha na mwisho unavuka hapo, na namba inageuka kuwa hasi. Katikati ya orodha ikawa hasi. Ukurasa wa hasi wa daftari!

Nawaambieni habari hii kwa heshima kubwa kwa Bloch. Alitaja kosa lake kwa jina na akaonyesha mstari wenyewe. Ukitaka kulirekebisha, toa mwanzo kutoka kwenye mwisho, gawa tofauti hiyo kwa 2, kisha ujumlishe na mwanzo. Ni mstari mmoja wa programu.

Hapa lazima nisimame niseme upande wa pili, maana naogopa mtatoka hapa mkidhani kwamba kila jibu la ajabu ni la kufuta.

Mwaka 1963, kijana wa Kitanzania aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha. Mwenzake akawahi kuweka yake bila hata kuyachemsha. Mpemba naye akaamua kuweka yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi walipofungua, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamuuliza mwalimu sababu. Akaambiwa amechanganya mambo. Kwa kila alichofundishwa, jibu lile lilikuwa haliwezekani, la kufutwa. Hakulifuta. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza tena, mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne hakujua jibu, lakini alifanya jambo ambalo kila mwalimu aliyeko hapa angepaswa kulifanya: aliahidi kulijaribu, akarudi chuoni, likajaribiwa. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo. Mwaka 2016 walitokea wataalamu waliopima upya wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda mapema. Wengine wanaendelea kulitafutia sababu.

Kwangu Mpemba ni mwanafunzi yule yule wa varianzi hasi. Wote wawili waliona jibu lisiloingia akilini na wote wawili walikataa kupita. Mmoja alikuta kosa liko kwenye njia yake. Mwingine alikuta kwamba labda kosa liko kwenye kile alichofundishwa. Huwezi kujua ni lipi kabla ya kuhoji, na ukiishia kufuta au ukiishia kupiga mstari, hutajua kamwe.

Sasa kuhusu kudesa, kunakili kazi ya mwenzako. Najua mlitegemea nianze na hili.

Binti wa siki, baada ya siku ile, aliandika kazi yake upya, akapata alama zake. Karatasi ya kwanza, ile yenye 49,920, sijui iliangukia wapi. Mwaka uliofuata nilitoa swali lile lile. Zikaja karatasi kumi na moja zenye gramu 49,920. Miandiko kumi na moja tofauti, namba moja. Nilikaa nazo mezani usiku ule, na sikuwa na hasira. Nilikuwa na huzuni. Yeye alikosea kwa njia yake, kosa likawa mlango, akaingia. Hawa kumi na moja walibeba kosa ambalo halikuwa lao na hawakuweza hata kulitumia. Hakuna kati yao aliyejua ni hatua ipi ilikuwa imepotea, kwa sababu hakuna aliyepita njia hiyo.

Leo hamhitaji karatasi ya mwaka jana. Simu zenu zina programu zinazojibu swali la siki kwa sekunde chache, kwa Kiswahili fasaha, hatua zote zimepangwa. Mimi mwenyewe nazitumia, na kuna mambo zinaeleza vizuri kuliko baadhi ya vitabu tulivyonavyo. Sitawakataza kitu ambacho nakitumia. Ninachowaomba ni kwamba jibu lililotoka kwenye simu lihojiwe kama jibu lililotoka kwenye kichwa chako, na zaidi. Lina gramu ngapi? Linaingia kwenye chupa? Mwezi wa mwisho linadai nini? Likiongezewa bilioni moja linabaki vile vile? Kama huwezi kuliuliza maswali hayo, basi hujalipata jibu, umelihifadhi tu, na siku ya mtihani simu inabaki nje ya mlango.

Na leteni hata kurasa mlizozikata kwa kalamu mkaanza upya. Nimeshazungumza na wenzangu wa idara. Kuanzia muhula huu, katika asaimenti zangu, alama 2 kati ya 10 ni za kisio kilichoandikwa kabla ya hesabu, hata kikiwa mbali na ukweli. Alama 2 nyingine ni za uhakiki: sentensi moja au mbili zinazoeleza kwa nini unaliamini jibu lako, au kwa nini huliamini. Mwanafunzi atakayepata jibu lisilowezekana, akashindwa kuona kosa liko wapi, lakini akaandika wazi kwamba haliwezekani na sababu yake, atapata zaidi ya nusu ya alama. Wahadhiri wenzangu, nawaomba mlifikirie hili katika masomo yenu. Tunapima kile tunachokipa alama, na vijana wanakiona.

Wazazi wangu, nanyi nina ombi dogo. Akirudi likizo, pamoja na kumuuliza amepata ngapi, mwombeni awafafanulie hesabu moja. Yoyote. Mkae naye mpaka aimalize.

Nimalizie kwa asaimenti, maana nisingekuwa mwalimu kama ningewaacha mtoke mikono mitupu.

Kuna kata yenye watu 10,000. Watu 100 kati yao wana ugonjwa fulani. Kimeletwa kipimo. Kati ya kila wagonjwa 100, kinawagundua 95. Lakini kati ya kila wazima 100, kinakosea kwa 10, kinasema wanaumwa. Watu wote wa kata wamepimwa. Mama mmoja ametoka chumba cha vipimo na karatasi mkononi, imeandikwa chanya. Amekuja kwako kwa sababu wewe ndiye umesoma, na anakuuliza kama kweli anaumwa. Uwezekano ni kiasi gani?

Msishike kalkuleta kwanza. Chukueni karatasi, sasa hivi, hapo mlipo, muandike kisio juu kabisa, kwa kalamu ya wino, na msikifute hata mkija kukionea aibu. Alhamisi nitakuwa maabara namba mbili kuanzia saa kumi jioni. Njooni na karatasi hiyo hiyo.